Msimu wa Mitutu Miwili

Jumamosi, 14 Oktoba

Mume wangu amenitengenezea bunduki. Sentensi hiyo naiandika peke yake, kwanza, ili nikiisoma uzeeni nijue nilikuwa mwanamke mwenye bahati kiasi gani.

Wanawake wengine hapa Montana wakiolewa hupewa sofa. Colter, tangu wiki ya harusi yetu, amekuwa kila jioni karakanani kwa baba yake akichonga kitako cha mti wa jozi kwa kipimo cha bega langu. Alinipima kwa kamba, huku akinibusu shingoni kila mara kamba ilipoteleza, na iliteleza sana. Mtutu ni wa kaboni. Ndani kuna bomba jembamba la chuma, na nje limezungushiwa nyuzi nyeusi za kaboni mpaka likanenepa kama mpini wa shoka. Niliinyanyua bunduki kwa mkono mmoja nikacheka kwa wepesi wake.

Baba mkwe, mzee Orrin, ni fundi bunduki wa bonde hili tangu kabla Colter hajazaliwa. Aliutazama ule mtutu kama mtu aliyeletewa kahawa baridi.

"Hii bunduki, au fimbo ya kuvulia samaki?"

"Baba, ni nyepesi kuliko yako karibu kilo nzima."

"Mkeo ana mifupa. Chuma anakiweza."

"Nataka apande mlima afike juu hajachoka."

"Basi mbebe yeye," akasema mama mkwe, Verna, kutoka mlangoni, "bunduki aje nayo Orrin."

Alasiri tulikwenda nyuma ya karakana kuirekebisha darubini. Colter alilaza bunduki juu ya mifuko ya mchanga, akapiga risasi tatu kwenye karatasi ya shabaha, kisha akaufunika mtutu kwa kiganja. Hivyo ndivyo wanavyofanya wao wote katika ukoo huu. Mtutu ukiwa moto risasi huhama, kwa hiyo hugusa: kiganja kikistahimili, mtutu umepoa, unaweza kupiga tena. Mtutu huu haukumkataza hata mara moja.

"Ona, Nell! Haupati joto hata kidogo!"

Akapiga tena, na tena. Matundu yalianza kupanda juu ya duara. Akazungusha kirekebishi cha darubini kuyashusha, akagusa, akapiga. Yakapanda, akashusha. Mwishowe yalitulia katikati, akaniita. Nilipiga tatu, na zote zikaingia kwenye duara, zimegusana kama watoto waliolala kitanda kimoja. Colter alininyanyua akanizungusha. Alinuka mafuta ya bunduki, na sijawahi kunusa kitu kitamu hivyo.

Jumatatu, 16 Oktoba

Mvua. Nimeuza shayiri ya farasi dukani kutwa nzima. Nimemkumbuka mume wangu asubuhi yote.

Jumamosi, 21 Oktoba

Leo msimu umefunguliwa. Tulikula chapati za maziwa jikoni kwa Verna kabla hakujapambazuka, sote tumevaa fulana za rangi ya chungwa, tukafanana na koni za barabarani. Mzee Orrin alinipa kibali changu cha kuwinda elki, wale paa wakubwa wa milimani, mkononi kana kwamba ananikabidhi mtoto.

"Sheria ya serikali unaijua," alisema. "Ya nyumba hii ni moja tu. Ukimjeruhi mnyama usimpate, umemla. Kibali chako kinapigiliwa msumari ukutani karakanani, na msimu wako umekwisha. Hata kama serikali haijui."

"Na kama kosa si la mpigaji?"

"Basi kinapigiliwa cha mwenye kosa."

Ukutani kuna vibali vichache vilivyokauka, kimoja chake mwenyewe. Nilivisoma majina nikaona ni desturi nzuri. Nimependa kila kitu katika familia hii.

Tulipanda, Colter na bunduki ya chuma ya zamani ya baba yake, mimi na ya kwangu. Kufika mgongo wa mlima yeye alikuwa analowa jasho, mimi bado nazungumza. Hatukuona elki, ila mavi yao. Mume wangu alinionyesha mavi yale kwa furaha kama anayenionyesha bahari.

Jumapili, 22 Oktoba

Hakuna kitu. Theluji kidogo.

Jumamosi, 28 Oktoba

Upepo mkali. Tulibadilishana bunduki kwenye mwinuko ili nione tofauti, na nitaiandika ilivyo. Ya kaboni hupandisha mlima yenyewe. Lakini ukishafika, ukapiga magoti huku moyo unadunda, huchezacheza, na msalaba wa darubini hurukaruka juu ya mti unaoulenga. Ya chuma hukuua mgongo njiani, halafu ukifika hulala mikononi kama ng'ombe anayecheua. Nilimwambia Colter. Alinuna kidogo, kisha akasema mikono yangu itazoea. Akinuna huwa na kishimo kidevuni. Sikukijua kabla ya ndoa.

Jumanne, 31 Oktoba

Friza tuliyopewa na Verna siku ya harusi ina mfuko mmoja wa njegere. Tumekubaliana tangu mwanzo kwamba mwaka huu hatununui nyama. Nataka elki wa kwanza wa nyumba yetu awe wangu. Colter anataka dume fulani la upande wa kaskazini, lenye pembe pana kama mlango wa ghala. Amekuwa akilifuata tangu mwaka jana. Analitaja hata usingizini, na siwezi kusema kwamba sioni wivu.

Jumamosi, 4 Novemba

Naandika bila kupamba.

Tuliwakuta saa za asubuhi, majike saba wanakula kando ya miti ya misonobari, ng'ambo ya korongo. Upepo ulikuwa usoni mwetu, kwa hiyo hawakutunusa. Colter alilaza begi lake juu ya jiwe ili niegemeze mtutu, akaninong'oneza umbali. Jike moja lilikuwa limesimama kando, ubavu wote wazi. Nilishusha pumzi. Msalaba ulitulia nyuma ya bega, palepale panapotakiwa. Nilijua ulitulia. Nilibana kifyatulio polepole mpaka bunduki ikajilipukia yenyewe, jinsi alivyonifundisha.

Jike liliruka na kuanguka magoti, likainuka. Mguu wa mbele ulikuwa unaning'inia kuanzia gotini. Likaingia mitini kwa miguu mitatu kabla sijaleta risasi ya pili.

Colter aliendelea kuitazama miti. Kisha: "Umepiga chini."

"Nililenga bega."

"Ulishtuka, mpenzi. Ulivuta kwa nguvu. Hutokea kwa kila mtu wa kwanza."

Tulifuata damu. Mwanzoni ilikuwa matone makubwa, mekundu sana juu ya theluji, kisha madogo, kisha tone moja kwa mwendo mrefu. Mahali pamoja lilikuwa limelala, na theluji imeyeyuka kwa umbo la mwili wake. Nilivua glavu nikagusa pale. Palikuwa bado na uvuguvugu. Mbele ya hapo jua lilikuwa limeyeyusha theluji ya mteremko wote, na ikabaki nyasi na mawe. Tulizunguka mpaka giza likatushusha.

Jumapili, 5 Novemba

Mzee Orrin alikuja nasi leo. Anatembea ameinama, macho ardhini. Alipata unyoya wenye damu kwenye tawi, basi. Jioni tulisimama korongoni, akavua kofia akajikuna kichwa.

"Lilienda ng'ambo," alisema. "Koyote, hawa mbweha wa huku, watalipata kabla yetu."

Karakanani alinipa nyundo. Hakuwa mkali. Nilipigilia kibali changu mwenyewe, msumari ukapinda, akanipa mwingine. Colter alikuwa amesimama nyuma yangu akinishika bega.

"Msimwone vibaya," aliwaambia wazazi wake. "Bado anajifunza."

Alisema kwa upole. Nilishukuru.

Jumatatu, 6 Novemba

Kazi. Magunia. Mteja mmoja aliuliza kama nimekwisha kupata elki wangu. Habari bado haijamfikia.

Jumanne, 7 Novemba

Imemfikia.

Alhamisi, 9 Novemba

Nimefikiri juu ya neno "ulishtuka" tangu Jumamosi. Simbishii mume wangu. Lakini nilikuwapo. Msalaba ulikuwa begani.

Nimemwendea mzee Orrin nikamwomba bunduki yake ya chuma na ruhusa ya kupiga nyuma ya karakana kila asubuhi kabla ya kazi.

"Msimu wako umefungwa, mwanangu."

"Elki wamefungwa, Baba. Karatasi hazihitaji kibali."

Alicheka kwa pua. "Risasi ngapi?"

"Moja kwa kila bunduki kila siku, mitutu ikiwa imelala nje usiku kucha. Mlimani mtu hapigi tatu za kupashia moto. Hupiga moja."

Alinitazama kidogo, kisha akanipa funguo. Colter yuko kazini kiwandani mapema mno, hatajua mpaka nimwambie. Ni mara ya kwanza kuna kitu simwambii. Nakiandika hapa badala yake.

Ijumaa, 10 Novemba

Ya chuma: katikati. Ya kaboni: chini.

Jumamosi, 11 Novemba

Ya chuma: juu kidogo. Ya kaboni: chini. Colter amekwenda kaskazini kulitafuta dume lake. Amerudi bila kitu ila kishimo cha kidevuni.

Jumapili, 12 Novemba

Chini.

Jumatatu, 13 Novemba

Chini. Baridi kali, kope zilinata kwenye darubini.

Jumanne, 14 Novemba

Chini. Napiga karatasi ileile, siibandui. Matundu ya kaboni yamejikusanya mahali pamoja, naweza kuyafunika yote kwa kifuniko cha chupa. Mtu anayeshtuka hutawanya risasi. Moja huku, moja kule. Mimi natoboa palepale. Ni mahali pasipo sahihi tu.

Ijumaa, 17 Novemba

Leo niliomba ruhusa dukani nichelewe, na sikupiga moja. Niliwasha moto wa kweli. Nilipiga ya kaboni tatu tatu, nikiigusa kwa kiganja kila baada ya tatu kama alivyofanya Colter. Kiganja kilisema baridi. Matundu yakaanza kupanda. Kutoka pale chini yalipanda polepole mpaka yakafika katikati ya duara, na hapo yakakaa. Nikaugusa tena: bado baridi, kama mpini wa ufagio.

Kwenye mdomo wa mtutu, zile nyuzi nyeusi zinapokoma, kuna pete nyembamba ya chuma kile cha ndani. Niligusa pale kwa ncha ya kidole. Nimeungua. Naandika na kidole kina malengelenge.

Basi nimeelewa. Mtutu wa chuma ukiwa moto hukuunguza na kukuambia ngoja. Huu umevaa koti. Moto wote uko ndani na nje hausemi. Colter aliamini kiganja chake, akaifuata risasi ya moto kwa darubini, mpaka bunduki ikawa sahihi kwa mtutu unaowaka. Na mlimani mtutu hauwaki.

Kaboni si mbaya. Ikiwa baridi inapiga palepale kila siku, kuliko hata ya chuma. Si mimi. Na sijui kwa nini sijafurahi.

Jumamosi, 18 Novemba

Nilimwonyesha mume wangu karatasi, na kidole. Nilieleza kila kitu kwa mpangilio, nikiwa nimemwandalia mayai kwanza. Alikuwa amevaa tayari viatu vya mlimani, maana dume lake limeonekana na jirani.

Aliitazama karatasi kwa muda mrefu.

"Inaweza kuwa upepo," alisema.

"Siku zote hizo? Upande uleule?"

"Pale nyuma ya karakana upepo hushuka, Nell."

Akanibusu kwenye paji la uso akaenda. Nilikaa na mayai yake. Kabla ya leo nilidhani nikimtazama Colter naona kitu kizima, kama mtu anavyouona mlima. Sasa naona mtu mwenye viatu, anayejua kwamba kama kosa ni lake, kibali kinachopigiliwa ni chake, na dume liko kaskazini.

Bado nampenda. Nimeichunguza hiyo pia.

Jumapili, 19 Novemba

Hakupata. Nimefua.

Jumanne, 21 Novemba

Mzee Orrin aliniuliza karatasi yangu inasemaje. Nilimwambia asome mwenyewe, bado imebandikwa. Alikwenda, akarudi, akanywa kahawa yake yote.

"Mwanangu amekwisha kuiona?"

"Ameiona."

"Aha," alisema. Halafu akauliza bei ya shayiri.

Alhamisi, 23 Novemba

Sikukuu ya Shukrani. Kwa Verna kulikuwa na bata mzinga, mchuzi, na zile chapati nyembamba za viazi ambazo upishi wake bibi yake alikuja nao kichwani kutoka Norwe. Desturi yao ni kwamba kabla ya kula kila mtu hutaja analoshukuru, kuzunguka meza.

Verna alishukuru kwa goti lake jipya. Mzee Orrin alishukuru kwa goti la Verna, maana sasa halalamiki usiku. Mimi nilishukuru kwa kuingia katika familia hii. Nilimaanisha.

Ikawa zamu ya Colter. Alishika uma, akauweka. Kisha akainuka akatoka nje bila koti.

"Anaumwa?" Verna aliuliza.

Tulisikia mlango wa karakana. Halafu nyundo: mara tatu, kisha ya nne nzito. Mzee Orrin alikuwa anautazama mchuzi.

Colter alirudi ana theluji nywelani. Aliweka mbele ya sahani yangu kibali changu, kina tundu katikati.

"Umeking'oa?" baba yake alisema. "Na ulichopigilia ni cha nani?"

"Changu."

Verna aliweka chini kijiko cha mchuzi.

"Niliirekebisha darubini mtutu ukiwa moto," alisema. Alikuwa ananiangalia mimi, si wao. "Niliupima kwa kiganja. Nell hakushtuka. Nilimwambia alishtuka, na hakushtuka."

Mzee Orrin aliegemea nyuma mpaka kiti kikalia. "Kiganja nilikufundisha mimi."

"Wewe ulinifundisha kwenye chuma, Baba."

"Ndiyo. Lakini siku ile nilikuwa nimesimama dirishani nakuona. Nikasema moyoni, fimbo ya samaki, haina haja ya kuangaliwa." Akajipangusa mdomo ambao haukuwa na kitu.

"Basi kapigilie na kofia yako pia," Verna alisema, "ila mle kwanza. Bata hajui habari zenu, anapoa tu."

Nilikula sana. Chini ya meza Colter aliweka mkono wake juu ya goti langu, wazi, kiganja juu, kama anayeomba kitu. Niliushika baada ya muda.

Ijumaa, 24 Novemba

Tumerekebisha darubini wote watatu. Risasi moja, kisha kungoja. Mzee Orrin aliingiza waya wa kipimajoto ndani kabisa ya mtutu, hakuna aliyegusa kwa mkono. Verna alituletea supu mara mbili akiuliza kama tunapiga au tunalinda maiti. Kufika jioni tulikuwa tumepiga chache sana, na ya mwisho, mtutu ukiwa baridi kama jiwe, iliingia katikati.

Jumapili, 26 Novemba

Siku ya mwisho ya msimu. Colter alikuja nami bila bunduki, na begi tupu la kubebea nyama. Mezani baba yake alikuwa ameziweka bunduki zote mbili. Nilichukua ya kaboni. Nilifikiri sana kabla. Ya chuma hukwambia kila kitu, mtu anaweza kuibeba bila kufikiri. Hii hainiambii, kwa hiyo naijua zaidi.

Tulipanda upande wa kusini. Lile dume tuliliona. Lilikuwa mbali, juu ya mgongo wa kaskazini, pembe zake zikionekana juu ya weupe hata bila darubini. Colter alisimama akalitazama mpaka likapita upande wa pili. Sikumwambia pole. Alisema tu, "Twende, jua linakwenda."

Jike tulilipata mchana, peke yake, karibu kuliko lile la kwanza. Nilipiga magoti, nikangoja moyo utulie, na bunduki ikacheza, nikaendelea kungoja mpaka ikaacha. Risasi moja. Lilipiga hatua chache likalala ubavu kana kwamba limechagua mahali. Nilipolifikia nililia, na sikujua namlilia nani, huyu au wa kwanza.

Tulilichuna pamoja, mvuke ukipanda. Yeye alishika mguu, mimi kisu.

"Nell. Ile Jumatatu, baada ya kupigilia kibali chako. Ulipokuwa kazini, nilipiga risasi moja kwa bunduki yako. Mtutu ukiwa baridi."

Niliendelea kukata.

"Ikaenda chini. Nilijua tangu siku ile."

"Kabla sijaanza karatasi yangu."

"Kabla."

Kunguru walikuwa wamekwisha kufika, wamekaa msonobarini wanatungoja tumalize. Nilifikiria asubuhi zote zile za baridi, kope zikinata kwenye darubini, nikitafuta kitu ambacho mtu aliyelala kando yangu alikuwa nacho tayari.

"Mbona unaniambia? Nisingejua kamwe."

"Ndiyo maana," alisema.

Nilimtazama. Hakuwa na kishimo kidevuni. Alikuwa na damu mpaka viwikoni, pua nyekundu, na hofu, na hakuangalia pembeni.

Nilimaliza kutenganisha mapaja, nikayapima moja moja kwa mkono. Yale mengine mzee Orrin ataleta farasi ayachukue kesho. Lile zito zaidi nilimfunga mume wangu mgongoni, nikakaza kamba, kisha nikamwongezea na shingo. Aliyumba, akasimama imara. Tukaanza kushuka, mimi mbele, nikimchagulia njia.